Kupunguza Damu

Ili kujua damu ya mtu inachukua muda gani kuganda, wakati ule tulihitaji vitu vitatu: kichupa chembamba cha kioo, kisafi na kikavu, saa yenye mshale wa sekunde, na kwapa. Ndiyo, kwapa. Butembo kuna baridi, jenereta ya hospitali iliwashwa kwa ajili ya upasuaji tu, na damu inataka joto la mwili ndiyo iseme ukweli. Unaitoa, unaitia kwenye kichupa, unakibana kwapani, na kila nusu dakika unakichomoa na kukilaza kidogo. Ikitembea, unarudisha. Ukiweza kukipindua juu chini na damu isimwagike, unaangalia saa. Ya mtu mzima asiye na shida ni dakika saba, nane hivi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, maabara, miaka mingi. Nimebana kwapani damu ya askari wa kila jeshi lililopita pale, damu ya masista, damu ya mtu aliyenitukana wakati ninamchoma sindano na mimi nikamrudishia tusi lake papo hapo. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Lakini kichupa ninachokiota mpaka leo ni cha mdogo wangu.

Kwa asili sisi si watu wa Butembo. Baba alikuwa mwalimu wa serikali, akatumwa kutoka Kindu pamoja na mama na sanduku moja la vitabu. Nikazaliwa mimi, miaka sita baadaye akazaliwa mdogo wangu, kisha baba akafa na sisi tukabaki. Nyumbani kwetu, mtaa wa Mususa, tuliongea Kiswahili cha Kindu. Kinande, lugha ya wenyeji, tulikiongea sokoni, na mama alikiongea kwa kukivunja-vunja mpaka majirani wakawa wanamchokoza makusudi ili wacheke. Mimi nikasomea maabara. Mdogo wangu akafuata chaki ya baba: alifundisha darasa la kwanza, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba walimu wenzake walimwita aje kuwaandikia ubao siku ya wageni.

Alijifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, katika vita ya pili ya nchi yetu, siku zile ambazo asubuhi tuliuliza kwanza nani anashika mji ndipo tukawasha makaa. Mtoto alitoka vizuri. Mama yake alivuja damu zaidi ya kawaida, vikwembe viwili vya kitenge vikalowa chapachapa, lakini ilikatika yenyewe na wakunga hawakushtuka. Vikwembe vile alivifua mama yetu kwa mikono yake, kwenye beseni, maji akiyabadilisha mara nne. Mimi nilikuwepo nikimwona, na sikufikiri kitu.

Siku ya tisa mdogo wangu akaanza kulalamika kichwa. Tukasema ni uchovu. Siku ya kumi akasema kinauma kama kuna mtu anakipanua kwa ndani. Tukasema ni malaria, nani asingesema? Akapewa kwinini. Nilitafuta malaria katika damu yake chini ya darubini, nikatafuta tena, sikuiona. Siku ya kumi na moja, akiwa ananyonyesha, mkono wake wa kulia ulianza kurukaruka peke yake, kisha mwili mzima ukafuata, na mama akamdaka mtoto kabla hajaanguka sakafuni.

Tulimpeleka hospitali kwa machela ya miti, mume wake akishika mbele na majirani watatu wakibadilishana nyuma, kwa sababu siku hiyo hakuna gari lililothubutu kuwasha injini.

Daktari wetu alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, mpole, aliyeletwa na serikali kabla ya vita na kusahauliwa pale kama mwavuli. Aliongea Kifaransa na Kilingala. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha wagonjwa tu. Alimpima presha: ya kawaida. Nilimpimia mkojo: hauna kitu. Basi si kifafa cha mimba. Alimtoa maji ya mgongo, nikayatazama mimi: si homa ya uti. Kisha akachukua taa yake ndogo, akachungulia ndani ya macho, jicho moja, jingine, akarudia la kwanza. Alipoinuka alikuwa ametoka jasho juu ya mdomo.

Alinivuta kando. Akanieleza kwamba mwanamke akishazaa, damu yake kwa majuma kadhaa inakuwa na haraka ya kuganda. Mara nyingi haina neno. Mara chache inaganda kwenye mguu. Na mara chache sana, chache mpaka yeye mwenyewe alikuwa ameona mgonjwa mmoja tu, alipokuwa mwanafunzi Kinshasa, inaganda ndani ya mshipa mkubwa unaotoa damu kichwani kuirudisha moyoni. Damu inaingia kichwani, haipati njia ya kutoka, na ubongo unavimba; uvimbe huo ndio aliouona nyuma ya macho.

"Una hakika?" nilimuuliza.

"Hapana," alisema. "Ingetakiwa mashine ya kupiga picha ya kichwa, na unajua mashine hiyo iko wapi na barabara ikoje. Kama nimekosea, kama ni mshipa umepasuka na damu inavuja, dawa ninayotaka kumpa itamuua leo. Kama niko sawa na nikakaa kimya, atakufa kesho au kesho kutwa."

Dawa yenyewe ilikuwa heparini, inayochelewesha damu kuganda. Tulikuwa na vichupa viwili. Alitaka kuichanganya kwenye serumu, ile chupa ya maji ya kutundikwa, itone polepole kwenye mshipa, mchana na usiku, na mimi nipime damu kila baada ya saa sita. Nilitakiwa nione dakika kumi na tano, hata ishirini. Chini ya hapo, dawa haijatosha. Juu sana, tunamvujisha damu. Akanishika bega.

"Waeleze mama na mume, kwa lugha yao. Wakikataa sitafanya. Waambie tunataka *fluidifier le sang*."

Nikawageukia. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na woga, na nilikuwa na kiburi kile cha mtoto anayejua Kifaransa mbele ya mama yake.

"Mama, damu imeganda mu kichwa. Docteur anaenda kumutia dawa ya kupunguza damu."

Mama alinitazama. "Kupunguza?"

"Ee mama, kupunguza. Usianze maulizo, muda hatuna."

"Sawa," alisema.

Mama yangu akisema sawa bila kubisha, mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilimshukuru Mungu.

Shemeki yangu, mume wa mdogo wangu, hakuuliza lolote. Alisikia tu kwamba vichupa viwili havitoshi, akaazima pikipiki, akashika njia ya Beni kwenda kutafuta vingine. Serumu ikatundikwa kwenye msumari ukutani. Mama akakaa kwenye kigoda chini yake, mtoto mapajani, rozari mkononi. Wauguzi walikuwa wawili kwa wagonjwa wa chumba kizima, kwa hiyo kazi ya kumlinda mgonjwa na kutazama serumu yake ilikuwa ya ndugu, kama kawaida kwetu.

Jioni ya siku ya kwanza nilipima: dakika nane.

Daktari aliongeza dozi. Kesho yake asubuhi: dakika saba na nusu. Nilikiangalia kile kichupa kilichopinduliwa, damu imeshikamana ndani yake bila wasiwasi wowote, nikataka kukipiga ukutani. Labda ni vichupa vyangu, nilijiambia, labda sabuni imebaki. Nikavichemsha upya, nikavikausha juani, nikajichoma mimi mwenyewe kwa kulinganisha. Yangu: dakika saba na nusu. Damu ya mdogo wangu, aliyekuwa anatiwa dawa tangu jana, ilikuwa sawasawa na ya kwangu mimi niliyekuwa nimekunywa chai tu.

Daktari akaongeza tena.

Mchana ule mdogo wangu alifungua macho. Mama akamwinulia mtoto, akamuuliza kwa sauti ya kubembeleza, "Huyu nani?" Mdogo wangu alimtazama mtoto wake muda mrefu, midomo ikitafuta, na mwishoni akasema, "Chaki."

Mama akacheka kwa woga. Nilimwambia mdogo wangu anishike vidole kwa mkono wa kulia, na mkono ule haukunishika, wala mguu wa upande ule haukusogea. Nikatoka nje.

Siku ya tatu shemeki yangu akarudi. Alirudi miguu mitupu na bila koti, kwa sababu vizuizini walimvua kila kilichowapendeza, lakini mkate aliokuwa ameubeba hawakuutaka maana ulikuwa umeshaumwa upande mmoja. Ndani ya mkate ule alikuwa amechimba shimo, na ndani ya shimo kulikuwa na vichupa vinane vya heparini. Alivipanga mezani pangu kimoja kimoja. "Nilipata vyote vilikuwako," alisema.

Daktari alikigeuza-geuza kimoja kwenye mwanga. Nilijua anafikiri nini. Siku zile dawa ziliingia kutoka kila upande wa mpaka, na tulikuwa tumeshaona vidonge vya chokaa na sindano za maji ya bomba.

"Labda vyetu vya mwanzo pia vilikuwa maji," alisema. "Tuongeze mara mbili."

Serumu mpya ikachanganywa na dozi ile mara mbili, ikatundikwa. Moyo wangu haukutulia. Kama dawa ni maji, kuongeza maji kunasaidia nini? Na kama si maji? Nikamwomba daktari kichupa kimoja kitupu cha dawa, kile ambacho kilikuwa kimetoka tu kutumika, chenye tone limebaki chini. Nikajichoma. Nikatia damu yangu kwenye vichupa viwili vya kioo, kimoja peke yake, kingine pamoja na lile tone. Kimoja kwapa la kushoto, kingine la kulia.

Na hapo hapo, kana kwamba yaliyotupata hayajatosha, risasi zikaanza upande wa soko. Watu wakalala chini. Mimi nikaingia chini ya meza ya maabara, nimebana mikono mbavuni kama kuku mwenye baridi, natazama saa. Dakika nane: cha kushoto kiliganda. Cha kulia kinatembea. Dakika ishirini: kinatembea. Bunduki zikanyamaza, zikaanza, zikanyamaza tena. Dakika arobaini. Saa nzima. Damu yangu ilikuwa inacheza ndani ya kioo kama chai.

Dawa ilikuwa nzima, tena kali. Vichupa vyangu vilikuwa vizima. Damu ya mdogo wangu ingekubali dawa hiyo kama ya kwangu ilivyoikubali. Basi kwa nini haigandi ya kwangu na inaganda ya kwake? Jibu lilikuwa moja tu, na nililiona nikiwa bado nimekaa chini ya meza: dawa haimfikii.

Sikupita kwenye korido. Nilivua viatu, nikazunguka kwa nje, nikasimama kwenye dirisha la chumba chao.

Mama alikuwa peke yake na wagonjwa, wauguzi walikuwa hawajarudi tangu milio ya risasi. Aliinuka kwenye kigoda. Alitazama mlango. Kisha akashika mpira wa serumu, pale penye kijigurudumu cheupe cha kupunguza na kuongeza matone, akakisukuma kwa kidole gumba mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anayefunga bomba la maji yasimwagike bure. Akapiga ishara ya msalaba. Akakaa.

Sijui niliingiaje. Nakumbuka sauti yangu tu, na mgonjwa wa kitanda cha pili akijifunika kichwa.

"Mama! Unamuua! Unamuua mutoto yako!"

Hakushtuka hata kidogo. Alisimama kati yangu na serumu, mkono umekifunika kile kijigurudumu, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye ningelazimika kumvunja ili nipite.

"Mimi njo namuua? Weye njo unamuua! Ulisema na kinywa yako, hapa hapa: kupunguza damu. Ile damu alimwaga siku ya kuzaa, nani alifua? Maji ya beseni ilikuwa nyekundu mara ine. Mara ine! Sasa munataka kupunguza ile kidogo ilibakia? Na kila saa unakuja na sindano unatoa ingine. Mukiingia ninafungua, mukitoka ninafunga. Nifanye namna gani? Nikutukane mbele ya docteur yako? Damu ya mwanangu haitaisha nikiwa hapa natazama."

Siku tatu. Siku tatu mama yangu alikuwa amekaa pale, hajalala, hajala vizuri, akimwokoa mwanawe kutoka kwangu.

Hasira yote ilinitoka. Nilikaa kitandani, pembeni ya miguu ya mdogo wangu. Nilitaka kusema, "Sikusema hivyo." Lakini nilikuwa nimesema hivyo, neno kwa neno. *Fluidifier*: kuifanya iwe nyepesi, itiririke. Nilikuwa na Kiswahili chote cha Kindu mdomoni mwangu, nikachukua neno la kwanza lililokuwa karibu.

"Fungua, mama, tafadhali."

"Hapana."

Ningeweza kumwita daktari na wanaume wawili wamtoe. Nilifikiria. Kisha nikakumbuka serumu iliyokuwa pale ukutani ina dozi iliyoongezwa mara tatu, na kwamba kama mama angekwenda chooni akaisahau wazi, tungemmwaga damu mdogo wangu kichwani wenyewe. Kwa mara ya kwanza nikaona afadhali imefungwa. Nilikimbia, nikarudi na sindano, vichupa viwili vya kioo na kichupa kingine kitupu cha dawa chenye tone chini.

"Leta mukono."

"Wangu?"

"Wako."

Alininyooshea mmoja, wa pili haukutoka kwenye kijigurudumu. Nilimtoa damu, nikaigawa, nikaweka dawa upande mmoja, nikambana vichupa kwapani, kimoja huku, kimoja kule. Tukakaa. Hakuna kazi ngumu kama kungoja dakika nane na mama yako aliyekununia. Alisali kimyakimya. Mtoto alilia, nikambembeleza mimi.

"Toa cha kushoto. Pindua."

Alipindua. Damu ilibaki juu, imeshika.

"Hivi njo iko mu kichwa ya mudogo wangu. Imelala, imefunga njia. Sasa toa cha kulia."

Alikilaza. Damu ikatembea. Akakilaza upande mwingine, ikarudi. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakiweka kando ya kile kingine, akavilinganisha kama mtu anayenunua mafuta.

"Ziko sawasawa," alisema.

"Haikupunguka hata tone, mama. Ni damu yako yote. Ile imelala, hii inatembea. Dawa inatembeza damu, basi."

"Kutembeza."

"Kutembeza."

Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, na ingekuwa heri angenipiga: "Sasa juu ya nini ulisema kupunguza?"

Nilivichukua vichupa mikononi mwake, nikainuka.

Nilimleta daktari. Nilimweleza kwa Kifaransa, yote, sikuficha hata neno. Alisikiliza, akatazama chupa ya serumu, akageuka rangi, akaishusha mwenyewe haraka na kuchanganya nyingine kwa dozi ya kwanza kabisa. Mama ndiye aliyekifungua kijigurudumu. Tangu saa hiyo alihesabu matone kwa rozari, muuguzi alipomwambia mangapi kwa dakika, na ole wake aliyegusa ule mpira bila kumweleza.

Jioni nilipima. Dakika kumi na saba. Nilikibana kichupa kile kwapani tena bila sababu, nikalia.

Siku ya tano kichwa kiliacha kumuuma. Siku ya saba mama alimwinulia mtoto na kumuuliza, "Huyu nani?" na mdogo wangu akasema, "Mwanangu, mama. Kwani nani?" Chumba kizima kilicheka, hata yule wa kitanda cha pili. Maneno yalirudi yote. Mguu ulirudi. Mkono wa kulia haukurudi. Nilimuuliza daktari kama ungerudi iwapo tungeanza vizuri siku ya kwanza. Alikunja kipimo chake cha presha polepole, akasema siku tatu ni nyingi kwa ubongo, kisha akaniambia nikapumzike.

Ubatizo tuliufanya miezi mingi baadaye, barabara zilipofunguka kidogo, nyumbani Mususa, kwa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mdogo wangu alikuwa amerudi darasani. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama majani baada ya mvua, na hakuna tena aliyemwita kwenda kumwandikia ubao. Sisi wawili na mama tulikuwa jikoni. Mama akaweka chini mwiko.

"Mwanangu, kuko kintu nataka kukuambia. Mukono yako, mimi njo niliifunga. Pale kwa serumu. Siku tatu nilikuwa nafunga dawa."

Mdogo wangu hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

"Ninajua, mama. Bwana yangu alinielezaka zamani," alisema. "Weye ulifanya vile uliambiwa. Yaya, mukubwa wangu, njo alisema."

Kisha akainama, akageuza mgongo wake kwangu, kwa sababu mkono mmoja hautoshi kumfunga mtoto. Nikamchukua mtoto, nikamlaza mgongoni mwake, nikazungusha kikwembe, nikakifunga kifuani pake mafundo mawili. Akaniambia nikaze zaidi, nikakaza.